Toka Usumbura Mpaka Léopoldville, Uwanja Bila Kufagiwa

Enzi zetu kule Baraka, kando ya ziwa, nyinyi muliokua pamoja nami mutanishuhudia, safari tulipima kwa fagio. Muntu akiondoka, mama yake hafagii uwanja mpaka aone kwamba mutoto amekwisha kufika, asimufagie akapotea njiani. Ameenda Swima, unafagia jioni. Amepanda Fizi kwa miguu, unangoja kesho yake. Wa Lulimba, unangoja ndizi ulizofukia ziive. Sisi batoto tulipenda sana watu wasafiri, maana kufagia ilikuwa kazi yetu.

Kisha kaka yangu Wilondja akachaguliwa kusomea uuguzi Léopoldville, ndiyo Kinshasa. Akapanda kamyo kupitia Uvira mpaka Usumbura, ndiyo Bujumbura, kule apande ndege. Hapo hesabu ikatushinda. Ndege tuliziona mbali juu ya ziwa, ndogo kama inzi, tunazipigia kelele zitutupie biskuti. Lakini toka Usumbura mpaka Léopoldville ni siku ngapi?

Mwalimu Ebengo akaja. "Mama Wilondja, fagia. Ametoka asubuhi, jua halikuzama amefika."

"Mwalimu, kule kwa mashua na treni watu wanachakaa njiani. Unanidanganya kwa sababu sikusoma?"

Baba mdogo Alimasi, mwenye mitumbwi, ndiye aliyeharibu kabisa. "Shemeji, hakuna chombo kisichopumuzika. Ile itatua porini, balale, bapike, baendelee."

"Umesikia, Mwalimu? Muntu wa safari amesema."

Basi uwanja ukajaa maganda ya mihogo, mavi ya mbuzi, magamba ya samaki. Jirani yetu Mama Nyassa akipita anaita: "Mama Wilondja ee! Tukuletee jembe, mulime hapo?"

"Cheka, mama. Wako iko ndani, analala. Wangu iko hewani."

Tulicheka na sisi. Lakini mvua ikipiga, Mama aliacha kula, akatoka kutazama juu, na ugali wake tukaumaliza sisi.

Ndipo karani mumoja wa kwetu akarudi toka Léopoldville kwa likizo, akapita nyumbani.

"Wilondja anakusalimia, mama. Alitua siku ile ile. Jioni alikula samaki."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Bamama wakapiga vigelegele. Mama akakaa chini, katikati ya takataka zake. "Kumbe amefika zamani," akasema. "Mi peke yangu ndiye nilibaki njiani." Siku ile Mama Nyassa alitufagilia uwanja wote, bila utani hata kidogo.

Siku hizi mujukuu wangu Furaha anapandia ndege Kigali, analala Bruxelles, kule Ulaya. Sijamaliza kumenya mihogo, simu inalia: "Koko, nimefika!" Na ananung'unika kwamba safari ilikuwa ndefu, eti filamu zilikuwa mbaya. Nafurahi, namushukuru Mungu. Halafu simu inakatika, nabaki nimekaa na kisu mukononi. Yeye amefika, moyo wangu ungali unamusindikiza, haujapita hata Uvira.