Nilivyoomba Siku Tisini

Sijawahi kununua kitu kwa bei niliyotajiwa. Sisemi kwa kujisifu, nasema ili ieleweke niliingia ubalozini nikiwa mtu wa namna gani. Nauza mchele. Naununua Kahama kwa magunia, naupeleka Kharumwa na kwenye machimbo ya kule, ambako wachimbaji wakitoka shimoni hula kama wametoka kifungoni. Kila gunia nalihesabu likipakiwa, nalihesabu likishushwa, na njiani bado nageuka nyuma kulitazama. Mwenye mali akiniambia themanini, namwambia hamsini, kisha nashika kipochi kama naondoka. Sokoni kwetu mtu anayetaja bei yake ya mwisho mwanzoni tunamwuliza kama ameamka salama.

Kwa hiyo binti yangu aliponiita kwake, huko Ulaya, niliiendea viza kama ninavyoliendea gunia. Nchi yenyewe sitaitaja, maana bado naihitaji.

Binti alikuwa na mimba ya kwanza. Mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa nyumbani kwa mama. Binti anarudi, mama anamkanda kwa maji ya moto, anamnywesha uji, anamfunga tumbo kwa kitenge, na anamfukuza baba wa mtoto kila anapochungulia mlangoni. Lakini presha ilimpanda na daktari akamkataza ndege. Mumewe ni mtu mwema, ila mama yake alishafariki, na kazi yake ni ya zamu kiwandani. Binti akanipigia simu. Akazungumza habari za mvua ya kwao, akazungumza bei ya vitunguu, mambo ambayo nilijua hayakumfanya anunue vocha. Mwishoni akasema, "Mama, uje. Naogopa kuingia mle leba peke yangu."

Huyu si mtoto wa kuogopa. Akiwa na miaka saba aliumwa na nge, akaniletea huyo nge ndani ya kopo ili nimwone. Nikamwambia nakuja, nitakuwa mlangoni atakapoingia na atakapotoka, na arobaini ya mtoto tutaimalizia huko huko. Ilikuwa imebaki miezi miwili na nusu. Nikaona nina muda wa kutosha, hata wa kuchezea.

Fomu ya viza ni ndefu na ina umbea. Waliuliza tarehe yangu ya kuzaliwa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikumbuka tu kwamba pamba ilikuwa inapaliliwa, kwa hiyo tulipoandikisha cheti tuliigeuza pamba kuwa tarehe ya Januari, na tangu hapo nasherehekea palizi. Waliuliza nitalala wapi, nitakula kwa nani, na kama nimewahi kufukuzwa katika nchi yoyote. Mimi nimefukuzwa madukani tu. Walitaka na bima ya safari, ambayo ndani yake kulikuwa na kipengele cha kurudisha maiti. Hicho kilinifurahisha. Hata nikifa ningerudi kwa wakati, na kwa gharama ya watu wengine.

Aliyenijazia ni dada mmoja wa steshenari pale Kahama, ambaye kazi yake ni kuwajazia watu maombi ya mtandaoni: vyeti, mikopo ya wanafunzi, pasipoti. Mwanamke mpole, anaandika kwa vidole viwili na hakosei. Kila mtu mjini anajua kwamba ubalozi unataka uthibitisho kuwa utarudi, basi kwanza nikamwandikisha barua ya biashara. Nilijisifu ukurasa mzima. Nikasema duka la mchele ni mimi, mimi ndiye duka, na kwamba nikikosekana wiki mbili tu wateja watahama na ghala litaingiwa na panya. Akaipiga mhuri. Kisha tukafika kwenye muda wa kukaa.

"Siku ngapi, mama?"

"Tisini."

Vidole vyake viwili vikasimama hewani. "Barua ya mwaliko ya binti yako inasema arobaini."

"Najua inasema nini. Wewe andika tisini. Wao watapunguza."

Akaniambia kwa heshima kwamba anavyofahamu yeye, wale hawapunguzi, wanakubali au wanakataa. Nikamwuliza amesafiri mara ngapi. Akasema hajavuka Singida. Nikamwambia basi aandike. Tisini ndizo zilikuwa siku nyingi kuliko zote wanazotoa kwa viza ya matembezi, na mimi naanzia juu. Nilishapiga hesabu: wao wangetaja ishirini, mimi ningelalamika, wangefika thelathini, ningetaja mjukuu, tukakutana arobaini, kila mtu akaondoka anaona amemshinda mwenzake.

Nikapanda basi hadi Dar na faili lililonona kama mbuzi wa sikukuu.

Ubalozini mlinzi alichukua simu yangu, akaangalia ndani ya mkoba, akaniuliza ile chupa ni ya nini. Nikamwambia ni maji. Akaniambia niyanywe, nikayanywa yote mbele yake, akaridhika kwamba si bomu bali ni mzigo wa kibofu. Ndani tulikuwa watu kumi na mmoja tumekaa kimya kama tunasubiri majibu ya vipimo. Nilipoitwa dirishani nilimkuta mwanamke Mtanzania mwenzangu, umri wa binti yangu hivi, nyuma ya kioo kinene, anaongea kwa kipaza sauti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, na moyoni nikafurahi. Sokoni, muuzaji anayekuamkia kabla hujamtazama ana haraka ya kuuza.

Alipekua faili bila haraka yoyote. Aliuliza habari za binti, za mkwe, za Kharumwa iko wapi. Nilijibu vizuri. Kisha akaziweka karatasi tatu sambamba mbele yake, kama mtu anayepanga karata, na nikaona ni fomu, barua ya mwaliko na ile barua yangu ya kujisifu.

"Mama, binti yako ameomba ukae siku arobaini. Wewe umeomba tisini. Na hapa umesema duka haliwezi kukaa wiki mbili bila wewe. Sasa nishike ipi?"

Mtu mwingine hapo angeeleza. Angesema mjukuu, presha, mimba ya kwanza, na pengine mambo yangeishia hapo. Mimi nilisikia neno "nishike ipi" na damu yote ya Soko Kuu ikanipanda kichwani.

"Basi sitini," nikasema.

Akanitazama.

"Haya, hamsini. Unajua nimetoka mbali."

"Mama..."

"Arobaini, ya mwisho. Chini ya hapo na mimi sipati kitu." Na, Mungu anisamehe, nikashika kipochi na kurudi nyuma hatua moja.

Yule dada hakucheka. Ningependa kusema alicheka. Aliandika kitu, kirefu kuliko jina langu, akaniambia kwa upole kwamba uamuzi haufanywi hapo dirishani na kwamba nitajulishwa. Nikatoka nje naamini nimefunga biashara kwa arobaini. Nilinunua hata koti, kwa theluthi moja ya bei aliyoitaja muuzaji.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Karatasi moja, visanduku vingi, alama kwenye kimoja tu: maelezo ya sababu na muda wa safari hayaaminiki. Nilikisoma mara mbili, nikampa na dada wa steshenari akisome. Hakusema, "Nilikwambia." Aliniletea kiti.

Kumpigia simu binti nilichelewesha hadi jioni ya pili. Akaniuliza niliomba siku ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza niliulizwa nini na nikajibu nini, nikamwambia na hilo, maana nilikuwa nimechoka kupunguza.

"Mama," akasema, "ulikwenda kupatana bei ubalozini?"

Hakugomba wala hakulia. Akaniuliza kama nimekula, kisha akasema amechoka, anataka kulala. Kwao ilikuwa mchana.

Mara ya pili nilikaa kwenye kile kiti cha steshenari nikamwacha mwenye kazi afanye kazi yake. Akaniuliza maswali yote upya, na kila nilipojibu akauliza, "Hiyo tunaithibitishaje?" Nani ataangalia duka? Mdogo wangu, ambaye ni mwalimu Ushetu. Ataliangalia muda gani? Akiwa likizo. Likizo yake ni ya muda gani? Wiki tatu. Akaandika ishirini na moja. Niliitazama ile namba kama mtu anavyotazama gunia lililolowa. Arobaini nzima ilikuwa imekatika karibu nusu, na aliyeikata ni mimi. Ile barua ya kujisifu tuliiacha mezani. Badala yake mdogo wangu aliandika mistari minne kwamba atauza mchele wa dada yake hadi shule zifunguliwe, akaambatanisha barua ya mwalimu mkuu.

Miadi mingine ilipatikana baada ya wiki mbili. Mlinzi yule yule, chupa nikaiacha gesti. Dirisha lile lile, dada yule yule, na nikaona amenikumbuka kabla hajafungua faili.

"Shikamoo, mama. Safari hii siku ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Mara ya kwanza ulisema tisini. Kwa nini?"

Nikamwambia kwamba sisi watu wa sokoni mtu akitaka arobaini anasema tisini, na kwamba sikujua kusema namba nyingine kwa mtu nisiyemjua. Nikamwambia binti yangu ana presha, anazaa mara ya kwanza, na nilimwahidi kwamba nitakuwa mlangoni. Nikamwambia ishirini na moja ni likizo ya mdogo wangu, haiongezeki. Sikushika kipochi.

Akaandika. Alipomaliza akasogea karibu na kipaza sauti. "Mama, ungeniambia hivi siku ile."

"Siku ile nilidhani unauza," nikasema.

Hapo akacheka, kidogo, akificha mdomo kwa fomu yangu.

Mtoto hakusubiri. Presha ya binti ilipanda asubuhi moja, wakampeleka hospitali, wakamtoa mtoto kwa upasuaji wiki mbili kabla ya siku zake. Mimi nilikuwa Kharumwa nashusha mchele. Mkwe wangu akapiga simu akiwa korido ya hospitali, anaongea Kiswahili chake cha kuokoteza, na kwa dakika nzima sikuelewa kama kuna mtu amekufa au amezaliwa. Akarudia, wote wazima. Magunia yalikuwa bado kwenye gari. Sikuyahesabu siku hiyo, wapakuaji wenyewe wakaja kuniuliza kama naumwa.

Siku tatu baadaye nikaambiwa pasipoti iko tayari. Ndani yake viza: siku ishirini na moja, kamili, hawakuondoa hata moja.

Nilifika mjukuu ana siku nane. Nilikuwa nimepiga hesabu safari nzima ya ndege, na hata leo sitaki kuipiga ila inajipiga yenyewe. Ningeandika arobaini kama barua ya mwaliko ilivyosema, ningekuwa nimefika mapema, ningekuwa pale asubuhi ile. Hakuna aliyeninyima siku hizo. Nilizitupa mwenyewe nikiwa natafuta za nyongeza.

Binti alinifungulia mlango ameinama, mkono mmoja tumboni, anatembea kama mtu aliyebeba gunia kwa mbele. Tukakumbatiana kwa pembeni, kwa sababu ya kidonda. Nilikuja na kitenge cha kumfunga tumbo, akaniambia nesi amekataza kufunga. Nikasema nitachemsha maji, nimkande. Nesi amekataza na kukanda. Nikasimama katikati ya jiko la watu na koti langu la theluthi ya bei, kazi niliyoijia imepigwa marufuku yote.

"Sikutaka unikande, mama," akasema. Alikuwa amekaa, hanitazami, anamtazama mtoto. "Nilitaka nikitoka mle nikukute."

Nina jibu kwa kila mtu. Nimewajibu matrafiki, madalali, watu wa mizani, wachimbaji wenye pesa mpya. Kwa huyu nilitafuta la kupunguza, sikulipata, nikatafuta la kuongeza, sikulipata.

"Najua," nikamwambia. "Nilikosea."

Kisha akaniuliza kama najua kwamba tangu atoke hospitali hajalala saa mbili mfululizo. Nikavua koti, nikanawa mikono, nikamchukua mtoto kutoka mapajani pake. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia, na mwekundu, na amekunja uso kama mtu aliyetajiwa bei mbaya. Nikamwambia mama yake aende akalale. Akasita mlangoni.

"Hutaondoka?"

"Nimepewa siku ishirini na moja, na leo ni ya kwanza. Nenda."

Alilala tangu mchana hadi jua la kwao likazama. Mtoto alilia mara mbili. Mara zote mbili nilimtembeza kati ya dirisha na jiko, nikimnong'oneza Kisukuma, hadi akanyamaza.