Kadi ya Grafiki Iliyonigombanisha na Wanjiru

Nilitumia elfu saba na mia mbili, na sasa naogopa kurudi nyumbani Mugutha. Niliweka kadi ya grafiki ya mtumba, ile ya kutoa picha kwenye skrini, katika kompyuta kuukuu ya mke wangu Wanjiru, anayochapia wanafunzi tasnifu zao. Skrini ikawa nyeusi tii. Ndani mlikuwa na kazi za watu sita. Nilihesabu mara mbili, jasho likinitoka.

Nikamwambia Wanjiru kwamba fundi wa Thika ameniuzia kadi mbovu.

"Basi twende akurudishie pesa leo leo!" akasema.

Tukaibeba kompyuta hadi Thika. Fundi alifungua kompyuta, akacheka.

"Mzee, kadi ni nzima, ila haina waya wa stima. Si ulisema waya ni urembo, nikupunguzie mia tatu?"

Wanjiru akaondoka kwenda nyumbani, akaniacha pale.

Jamani, nishaurini: nianze kusema nini nikifika mlangoni?