Daktari wa Watoto Waliofichwa Ndani

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Fukayosi, kwenye kliniki ya mkoba, ile inayowafuata watu kijijini badala ya kuwasubiri hospitali: meza moja, viti vya kuazima shuleni, mizani imetundikwa kwenye boriti. Nilifika nimenuna. Dokta akanikabidhi kaptula ya kupimia, ile ya kitambaa yenye mikanda anayovalishwa mtoto kabla ya kuning'inizwa, akaniambia nisimpime mtoto yeyote kabla sijamsalimia mama yake na kumuuliza yeye mwenyewe ameamkaje. Nikamwambia foleni ni ndefu.

"Foleni ni ya watu, Tatu," akasema. "Si ya magunia."

Mimi si mzee na sijastaafu. Aliyestaafu ni yeye, daktari bingwa wa watoto, na nilimwomba aandike habari za kazi yake ili ninyi mnaoanza uhudumu wa afya ya jamii msome. Akasema kadi za kliniki alizoandika maishani zinamtosha. Basi naandika mimi, niliyeishia kidato cha nne, mama wa watoto wawili, na mdomo wangu ukweni wote wanaujua.

Tulijuana kwa ugomvi. Mwanangu wa kwanza, Nasra, alipofika miezi kumi alianza kukonda, nikampeleka kwenye moja ya kliniki zake. Muuguzi akamzungushia utepe mkononi, ule wenye rangi tatu unaopima unene wa mkono, ukasoma nyekundu. Nikaambiwa nihamie mstari wa pili, kule ukutani. Mstari ule aliupanga Dokta mwenyewe, kwa nia njema, watoto dhaifu wahudumiwe haraka. Lakini kwetu pwani mtoto akikonda hawaulizi amekula nini. Wanasema amebemendwa, yaani baba na mama wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mmoja wao wanasema, lakini macho yote yanamwangalia mama. Kusimama kwenye mstari ule ilikuwa kama kuvaa bango kifuani. Nikahesabu tuliokuwepo: watatu. Vitongoji vyote vile, watoto dhaifu watatu tu? Wengine walikuwa nyumbani, wamefichwa chumba cha ndani.

Nikapandwa na hasira. Nilimwendea mezani nikamwambia mbele ya watu kwamba amesoma mpaka akapitiliza, kwamba mstari wake unaua, maana mama aliyeaibishwa mwezi huu harudi mwezi ujao. Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Yeye alikuwa mtu mzima, miwani imeshuka puani, ushungi umemteleza. Hakunifokea. Alifungua daftari.

"Rudia," akasema. "Taratibu, niandike."

Mwezi uliofuata mstari haukuwepo. Kila mama, mwenye mtoto mnene na mwenye mtoto dhaifu, aliingia chumba kilekile akakaa muda uleule, na aliyekuwa nje hakujua nani kaambiwa nini. Nasra alipewa chakula dawa, karanga za kusaga zilizochanganywa na maziwa na sukari, zinakuja kwenye pakiti, na Ramadhani ilipoingia alikuwa anakimbiza kuku. Ndipo Dokta akaniambia kwamba kwa kuwa kugombana nakuweza, nije nigombane upande wake.

Njiani alikuwa akinisimulia ujana wake kazini, wodini Dar. Alimtibu mtoto mmoja wa utapiamlo mara tatu, akamruhusu mara tatu, akimrudisha kwenye nyumba ileile na sufuria ileile. Mara ya nne hakuletwa. Dokta akaomba kuhamishiwa huku wanakotoka watoto. Mkuu wake wa kazi alimshangaa, akamwambia daktari bingwa hawezi kushinda kwenye benchi la kijiji. Akamjibu kwamba hakusomea viti, alisomea watoto.

Kiwangwa ilimfundisha kufuata msimu. Wakati wa kuvuna mananasi akina mama hawaji kliniki hata ukiita kwa kipaza sauti, wako shambani. Basi mizani akaitundika kwenye mkorosho pembeni ya shamba, na akina mama wakawa wanakuja mmoja mmoja na panga mkononi. Huko ndiko nilikomwona anakula nanasi mpaka kidevu kinachuruzika, huku anamkemea mama mmoja kwa kumpa mtoto soda. Chai yake mwenyewe alitia sukari vijiko vinne. Majina ya wakubwa aliyasahau yote, hata Mtendaji wa Kijiji alimwita "baba Zulfa" kwa sababu aliyemkumbuka ni binti yake, Zulfa, aliyewahi kumpima. Nilimpenda kwa hilo, ingawa barua zetu za vibali zilichelewa mezani kwa huyo Mtendaji.

Zikiwa zimebaki wiki mbili astaafu, tulikwenda Saadani. Mwenyekiti wa kitongoji alitudokeza kwamba kuna nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu, Issa, asiyeonekana siku nyingi. Bibi yake, Bi Kidawa, tulimkuta uani anageuza samaki kwenye kichanja. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana hali mpaka za wasiokuwepo. Kisha akasema mjukuu hajambo, tena siku hizi amenenepa, uso umejaa. Ila amelala.

Nilimwona Dokta anabadilika. Mtoto aliyekuwa amekonda akijaa uso na miguu kwa ghafla, hajanenepa. Ni maji. Mwili umekosa chakula mpaka umeshindwa kuyazuia maji yasivuje, na mtoto wa namna hiyo hangoji wiki ijayo. Dokta akaomba kwa adabu amwone. Amelala. Akaomba tena. Amelala. Mkwe wa Bi Kidawa, Shufaa, mama wa mtoto, alisimama mlangoni anaangalia vidole vya miguu yake. Nikaijua ile sura. Niliwahi kuivaa.

"Bibi," nikasema, "na mimi niliambiwa nimembemenda mwanangu. Mume wangu alikuwa Mtwara miezi mitano. Nimembemenda na nani, na feni?"

Shufaa akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, akaziba mdomo kwa kanga. Bi Kidawa alinisonya msonyo mrefu, na msonyo haujaisha Shufaa akawa ameshaingia ndani na kutoka na mtoto. Dokta akabonyeza mguu wa Issa kwa kidole gumba. Alipoondoa kidole, shimo likabaki. Hatukujadiliana tena, tukapakia gari. Bi Kidawa naye akapanda, kutusimamia.

Wodini Issa alinyweshwa maziwa maalumu kwa kikombe, kidogo kidogo, kila baada ya saa chache. Siku ya nne uvimbe ukaanza kushuka, na uzito kwenye mizani ukashuka nao. Hilo ndilo jambo ambalo lazima mlijue kabla halijawakuta: mtoto wa aina hii hupungua kwanza ndipo apone, kwa sababu yanayotoka ni maji. Sisi tulifurahi. Wiki ya pili Bi Kidawa aliona mbavu za mjukuu wake zikijitokeza, akafunga furushi.

"Mmemkausha," akasema. "Nyumbani alikuwa na mwili. Tunaondoka, akafie kwao."

Mtoto angetoka siku ile, asingefika Ijumaa. Muuguzi wa zamu alimletea Bi Kidawa chati, akamwonyesha mstari unavyoshuka na sababu zake. Baba wa Issa akapigiwa simu, akasema atakalo mama yake, Bi Kidawa, ndilo lifuatwe. Shufaa akaanza kumvalisha mtoto huku machozi yanamdondokea. Mimi nikafungua mdomo, na wallahi ningeharibu, lakini Dokta akanishika bega. Ilikuwa siku yake ya mwisho kazini. Ukumbini wageni wa kumuaga walikuwa wamekaa, pilau limepakuliwa, dereva ameshatumwa mara mbili kumwita.

Dokta akaketi kwenye mkeka kando ya Bi Kidawa, akavua kiatu, akanyoosha mguu. Sikuwahi kuuona mguu wake. Miaka yote ile ya kusimama ilikuwa imejaa pale kwenye kifundo.

"Nibonyeze, Bi Kidawa."

Bi Kidawa akasitasita, akambonyeza. Shimo likabaki.

"Nimenenepa?"

"Umechoka," akasema Bi Kidawa.

"Haya maji yakitoka, kiatu kikanienea, utasema nimekonda?"

Bi Kidawa alimvuta Issa, akabonyeza mguu wake, ngozi ikarudi mahali pake. Akabonyeza wa pili. Kisha akatuuliza kwa nini hatukusema hivyo tangu mwanzo. Tulikuwa tumesema, lakini kwa chati. Akafungua furushi.

Dokta alifika ukumbini hotuba zimekwisha. Alikabidhiwa saa ya ukutani na sahani ya pilau lililopoa, akaomba pilipili.

Wiki iliyofuata alikuja hospitali kumwona Issa, sasa akiwa raia tu. Mlinzi mgeni akamzuia: saa ya kuona wagonjwa bado, mama. Nikawaka. Dokta akaniambia nimwache, sheria ile aliiweka yeye mwenyewe. Tukakaa kwenye benchi la nje, katikati ya foleni ya akina mama wa kliniki. Nikamuuliza, katika kazi yote ile, kuna linalomuuma?

"Ule mstari," akasema. "Niliupanga miaka mingi kabla hujaja kunitukana. Sijui waliobaki ndani walikuwa wangapi."

Nilitaka kumwambia kwamba wengine walipona, lakini asingenisamehe kwa kumfariji kwa maneno rahisi. Nikamshika mkono tu.

Mlango wa wodi ukafunguliwa. Bi Kidawa akatoka na Issa ubavuni, kifua wazi, mbavu zote zinahesabika, amekishikilia kikombe na hataki kunyang'anywa. Akapita naye mbele ya foleni nzima bila kumfunika kwa kanga, mtu mmoja mmoja akitazama, na yeye akiwatazama. Akafika benchini.

"Sheria inakukataza wewe kuingia," akamwambia Dokta. "Haimkatazi yeye kutoka."

Akamweka Issa mapajani mwa Dokta.