Busaa kwenye Mnyororo

Juzi nilikuwa nikiosha mnyororo wa baiskeli yangu kwa dizeli, nikakumbuka harufu nyingine kabisa, chachu, ya alasiri moja kule Malinya.

Kaka yangu Luka alikuwa na baiskeli ya gia, ya kwanza kijijini. Jirani yetu Jumba alikuwa na blakmamba, ile baiskeli nzito nyeusi isiyo na gia. Walipatana kushindana kwenye mlima wa kwenda sokoni: atakayeshuka kwanza kwenye baiskeli kabla ya kufika juu atamwita mwenzake "mkubwa" mpaka Krismasi.

"Hiyo yako ni ya kupigia picha," Jumba alimcheka.

Nilikuwa nimemwona mjomba akimnywesha fahali wake busaa, pombe ya mahindi, kabla ya pigano la mafahali. Kwa hiyo, Luka alipokuwa akila, nilimimina kikombe kizima, na machicha yake, juu ya mnyororo na gia. Nikazungusha pedali na kuchezea kishikio cha gia mpaka kikakwama.

Mlimani, gia zilikataa kubadilika. Miguu ya Luka ilizunguka kama feni, watu wakacheka. Lakini Jumba alishuka katikati, akihema, na Luka akampita polepole akiwa bado kitini.

"Nani amemwaga nini hapa?" Luka aliuliza, akinusa.

"Busaa," nikasema. "Ipate nguvu."

Leo najua kwamba machicha yalikwamisha mnyororo kwenye gia nyepesi kuliko zote, ile ya kupandia mlima ambayo Luka aliidharau. Siku hiyo hakuna aliyejua. Jioni Jumba alikuja akikokota blakmamba yake.

"Mkubwa," alimwambia Luka, "hiyo busaa imebaki?"