Mama Sabuni na Hamira Iliyogoma

Alipoingia darasani siku ya kwanza chuoni, wanafunzi walinyamaza ghafla, wengine wakasimama wakidhani ni mhadhiri. Akawapungia mkono. "Kaeni, wanangu. Na mimi nimekuja kufundishwa."

Alikuwa na miaka arobaini na moja. Kumi na minne kati ya hiyo aliitumia kiwandani, akisimamia pipa kubwa la kupikia sabuni, na haikupita wiki wanafunzi wenzake wakambandika jina la Mama Sabuni. Alikuja kusomea uhandisi wa kemikali na molekuli za viumbe hai. Mumewe aliona jina hilo refu mno, akawa anawaambia majirani, "Mke wangu anasomea mapishi makubwa."

Hesabu zilimtoa jasho. Jioni alikaa mezani na binti yake wa kidato cha tatu, wakigombania kifutio kimoja. "Mama, hapo umekosea tena," binti alisema, naye akafuta bila kinyongo. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Muhula wa tatu walipewa jaribio: kuchachusha maji ya sukari kwa hamira, chupa ikiwa ndani ya beseni la maji vuguvugu, na kupima kila saa sukari iliyobaki. Kundi lake lilikuwa la watu watatu: yeye, kijana waliyemwita Kikokotoo kwa wepesi wake wa hesabu, na msichana mpole asiyesema mpaka aulizwe. Makundi manne yalishalitumia beseni hilo hilo siku zilizotangulia na kukusanya ripoti, grafu zao zikifanana na ya kitabuni kama pacha.

Yao hamira iligoma. Saa ya sita, sukari ilikuwa imepungua kidogo tu.

"Tupike namba," Kikokotoo akanong'ona. "Nipeni dakika kumi. Nani atajua?"

Mama Sabuni akaweka kalamu chini. "Mwanangu, niliwahi kuandika kipimo nisichokipima. Nilikuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Magadi makali yakazidi kwenye sabuni. Wiki iliyofuata mama mmoja mfuaji alikuja getini akanionyesha viganja vyake, vimebabuka. Hakunitukana. Heri angenitukana."

Kikokotoo akatazama madaftari. Msichana mpole, bila kuulizwa, akasema, "Tuandike ilivyo."

Wakaandika ilivyo, wakapata alama nne kati ya ishirini, na mhadhiri akaongeza neno moja kwa wino mwekundu: Rudieni.

Ijumaa wakarudi maabara. Kipimajoto cha beseni kilisoma nyuzi thelathini na moja, joto hamira inalolipenda. Mama Sabuni akachovya mkono kwenye beseni, akakunja uso. "Mwili wangu una joto la thelathini na saba. Maji ya thelathini na moja yangekuwa baridi kwangu. Haya yananipasha moto."

Fundi wa maabara akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatoa kipimajoto kipya kabatini, wakakitumbukiza. Arobaini na moja.

"Maskini hamira," Kikokotoo akasema. "Hata mimi ningegoma."

Mhadhiri aliitwa. Akatazama vipimajoto vyote viwili, akaenda kuleta ripoti za makundi manne, na Jumatatu akazipanga mezani mbele ya darasa zima. "Nisaidieni," akasema taratibu. "Hamira yenu ilifanyaje kazi vizuri hivi ndani ya maji yenye joto lile lile?"

Wote walirudia jaribio, na safari hii grafu zilitofautiana, kila moja na makosa yake. Kundi la Mama Sabuni lilipata kumi na sita. Kikokotoo alianza kumsindikiza maktaba kila Jumatano, akimfafanulia hesabu polepole kwenye karatasi chakavu.

Hata hivyo hesabu za muhula huo alizifeli. Akarudia mtihani likizoni, akavuka mstari wa kufaulu kwa alama mbili.

"Mbili tu?" mumewe akauliza.

"Nenda wewe ukazitafute, uone."