Mkono wa Kushoto wa Dada

Dada yangu alikuwa mwalimu wa kwaya ya Wamoraviani hapa Tabora. Alipofariki, wanakwaya waliniomba nimalizie wimbo aliouacha nusu kwenye laptopu yake, kwa kuwa alikuwa amenifundisha kutumia ile programu huria ya kuandikia noti za muziki.

Nikaifungua mchana mmoja nyumbani Chemchem, mama akipeta mchele chumba cha pili. Nilitaka kuhamia kwenye sauti ya alto, nikabonyeza vitufe viwili nilivyozoea. Badala ya kuhama, programu ikaanza kuupiga wimbo tangu mwanzo, ikafika pale alipoishia, ikanyamaza. Nikajaribu tena. Ikapiga, ikanyamaza palepale.

Mama alikuja mpaka mlangoni, ungo mkononi.

"Dada yako anaandika?" aliuliza.

Nilijua ni mashine tu, lakini sikujaribu mara ya tatu.

Nikawaandikia wanaoitengeneza ile programu, watu wa kujitolea nisiowajua hata sura. Mmoja alinijibu kwamba huenda amri mbili zimepewa vitufe vilevile, hivyo nikague ukurasa wa njia za mkato za kibodi. Nilipoufungua nikakuta dada alikuwa amezibadilisha karibu zote. Kila amri iliyokuwa upande wa kulia wa kibodi aliihamishia kushoto, mpaka vitufe vikamwishia na amri nyingine zikagongana.

Nikabaki naangalia mikono yangu. Miezi yake ya mwisho alikuwa akiongoza kwaya kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameubana ubavuni, nasi tukidhani ni mtindo wake. Nikamuuliza mama kama alijua.

"Nilikuwa namfungia vifungo vya gauni," alisema. "Alinikataza nisiwaambie."

Nilizitenganisha zile amri mbili tu zilizonisumbua. Nyingine sikuzigusa. Wimbo niliumalizia kwa mkono wa kushoto, polepole, na mara nyingine kidole kilitangulia kwenye kitufe kabla sijakumbuka kiko wapi. Ikitokea hivyo nilikuwa nainuka, natoka uani kusimama juani kidogo.

Kwaya iliuimba kwenye ibada kule Kigwa. Mama hakwenda. Niliporudi jioni aliniuliza kama waliufikisha mwisho. Nikamwambia waliufikisha. Akaniambia ninawe nile, chakula kinapoa.