Makala Niliyomwandikia Mgombea

Rafiki yangu wa chuoni aliponipigia simu kusema anagombea ubunge kwetu Kilifi, nilifurahi. Aliposema wapinzani wamefukua makala yake ya zamani, nikakaa kitako. Makala ile niliiandika mimi.

Simu hiyo ilinikuta nafundisha historia Riyadh, nimepanga mtaa wa Al-Shumaisi, na maisha, alhamdulillahi, yalikuwa yananiendea. Makala yenyewe ni ya enzi za chuo, mhadhiri alipotupa zoezi: tetea umiliki wa ardhi wa makabaila wa Ulaya ya zama za kati. Rafiki yangu kitabu na yeye mbalimbali. Nikamwandikia, naye akanifulia nguo muhula mzima. Kwa mbwembwe za ujana nikasema mtwana alimhitaji kabaila kuliko kabaila alivyomhitaji yeye, na nikachomekea kwamba hata maskwota wa pwani yetu wamshukuru mwenye hati kwa kuwaacha walime. Akaipeleka gazeti la wanafunzi, jina lake juu, picha yake pembeni.

Na mama yangu ni skwota. Shamba alikozaliwa lina hati ya mtu ambaye hatujamwona hata kivuli.

"Nyamaza tu, ndugu yangu," rafiki yangu alinisihi. "Nitasema nilikuwa kijana."

Nikanyamaza. Ilinifaa.

Kisha mama akaja Umra. Miaka hiyo Saudia ilikuwa imelegeza mambo, mwanamke anaweza kuja bila maharimu, ndugu wa kiume wa kumsindikiza. Nilimpokea Jeddah, nami nimeshavaa shuka zangu mbili za ihram, na teksi ya kutupeleka mtaa wa Ghulail, nilikokodi chumba, iliendeshwa na mwanamke. Mama alimkodolea macho njia nzima. "Mashallah, na kona anakata!"

Tulipomaliza chai akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. Nakala ya makala. Zilikuwa zikigawiwa mikutanoni.

"Nisomee polepole. Kule walisoma mbio. Nataka kumjua huyu mwana wa... Astaghfirullah! Nimo kwenye ihram."

Ukishanuia Umra hutukani wala hugombani mpaka umalize. Niliisoma mpaka mwisho. Najua si uungwana, lakini niliona mwanya, nikautumia.

"Mama, aliyeandika ni mimi."

Midomo yake ilicheza bila sauti. Akavuta tasbihi, punje moja, punje nyingine.

"Umenichagulia wakati, eh? Mjanja weye. Haya. Lakini Umra ina mwisho."

Makka, kati ya vilima vya Safa na Marwa, alikwenda mbele yangu kwa hatua ambazo sikujua magoti yake bado anazo. Mimi nilikuwa naomba Umra iwe ndefu. Akapunguza nywele, mimi nikanyoa kipara, tukarudi Ghulail. Asubuhi yake akakaa juu ya godoro.

"Ihram imekwisha. Lete kalamu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa kalamu. Akaanza kunitajia: babu yupi alifyeka msitu wa shamba lile kwa panga moja, kisima kilichimbwa na nani, makaburi ya upande wa kibla ni ya akina nani. "Andika kwa ufundi uleule. Yasomwe barazani." Niliandika kurasa nne, mkono ukiniuma, na wallahi sijawahi kuandika kwa raha kama siku ile. Mara mbili alinicheka kipara changu.

"Na rafiki yangu je?" nikauliza.

"Kura yangu haioni. Anayetia jina kwenye asichokiandika, kesho atatia saini kwenye asichokisoma."

Akachukua zile kurasa. Mama hajui kusoma, lakini aliigeuza ya mwisho akaweka kidole chini kabisa, penye uwazi.

"Nimebandikishwa dole gumba kwenye makaratasi mengi, najua hapa hukaa nini. Jina lako liko wapi?"

"Mama, wakiliona watauliza. Itajulikana na ile ya kwanza ni yangu."

"Eeh. Ijulikane."

Alikuwa bado amekishikilia kidole pale. Nikaandika jina langu, la baba, na la yule babu wa panga moja, na ndipo akakiondoa.